Yah: Mwalimu Cornel Kutusifu Bila Kutusikia

Nyarugusu, Geita
Tarehe 2 Oktoba, 1995

Kwa Mkuu wa Masomo kwa Redio na Posta,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkuu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, na nadhani ndivyo, basi marahaba. Nimeitikia mapema ili tusisubiriane kwa posta.

Mimi ni Mageni, mama yake Stanslaus. Stanslaus mwenyewe yuko Ushetu kwenye tumbaku, usimtafute. Anayeandika barua hii ni binti yake, mjukuu wangu Melania, ambaye ndiye mwanafunzi wenu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinipambe. Kuna herufi moja tu tunayogombana, ile r. Miaka sitini na kitu nimeishi bila kuihitaji. Nasema ledio, nasema balua, na mambo yanakwenda. Yeye ananirekebisha kila mstari, anasema herufi hiyo itamwangusha kwenye mtihani. Basi ukiona r humu ndani ujue ni yake, si yangu.

Shule sikusoma. Darasani niliketi siku moja, ule mwaka wa kisomo, watu wazima tulipoamriwa kujifunza kuandika. Mwalimu alikuwa Theonest, ambaye nilimpokea kwa mikono yangu hii siku anazaliwa, tena alitanguliza miguu. Akanishika mkono wenye chaki mbele za watu, aniongoze kuandika a. Watu wakacheka. Nikamwambia Theonest, mkono huu ndio uliokutoa, leo wewe unauonyesha njia? Nikajifunga khanga nikaenda nyumbani.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshikwa na hasira. Melania alikuwa darasa la saba. Ilibaki miezi mitatu afanye mtihani, akarudishwa nyumbani na sanduku lake kwa sababu ya tumbo. Hakulia. Aliketi jikoni akawa anachambua mchele ambao haukuwa na mawe. Nilimwacha siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia, mtoto anakaa tumboni, hakai kichwani. Tumbo likatupa Blessing, ana miezi kumi na minne sasa, na kichwa nikakileta kwenu mwezi wa kwanza mwaka huu. Mtihani wenu ni tarehe 20 Novemba, pale Geita mjini. Akishinda, cheti chenu kinampeleka chuo cha wauguzi wasaidizi. Mimi ni mkunga wa hapa. Nimepokea watoto mpaka nikaacha kuhesabu, lakini chupa ya dawa siwezi kuisoma. Huwa nainusa. Nataka katika nyumba hii awepo mtu mmoja asiyenusa dawa.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Mwalimu Cornel anaingia nyumbani kwangu kila Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri, anasema "Hamjambo wanafunzi," halafu anaanza kazi. Mtu ameingia kwa mwanamke wa umri wangu, hodi hakupiga, shikamoo hakutoa, mvua hakuuliza, ng'ombe hakuuliza. Wiki ya kwanza niliitikia nikangoja aulize za nyumbani. Hakuuliza. Wiki ya pili nikanyamaza kwa makusudi, ajue nimechukia. Akaendelea kana kwamba nimeitikia. Melania anasema hasikii. Ndugu Mkuu, mlimwajirije mwalimu asiyesikia?

2. Kusifu ovyo. Hili ndilo kubwa, ndiyo maana nimeliweka juu kwenye Yah. Mwalimu Cornel anauliza swali, ananyamaza kidogo ili mwanafunzi ajibu, halafu anasema "Vizuri sana." Siku moja aliuliza saba mara nane. Melania akajibu hamsini na nne. Vizuri sana. Tukafurahi, nikampa maziwa ya mgando. Jioni akafungua kitabu akakuta ni hamsini na sita, na maziwa yameshanywewa.

Nikaamua kumpima mwalimu. Alhamisi akauliza jina la mto, nikajibu mimi, nikasema ng'ombe. Vizuri sana. Akauliza kiini cha yai kina kazi gani, mbuzi akalia dirishani. Vizuri sana. Jirani yangu Mabula, ambaye ni mchimbaji wa dhahabu na mdomo wake haujawahi kuoshwa, akaja kuhakikisha. Swali lilipoulizwa akamtukana mwalimu tusi ambalo Melania amekataa kuliandika. Mwalimu akanyamaza kidogo, akasema vizuri sana. Mabula akashtuka. Aliniambia, Mama Stanslaus, tangu niachishwe ziwa hakuna mtu aliyeniambia neno hilo. Sasa anakuja kila kipindi, amenyoa ndevu, na anajibu kwa adabu. Mtu kama Mabula akisifiwa, sifa imebaki na thamani gani? Naomba neno hilo lifungiwe kabatini mpaka mtu alipate kwa haki.

3. Betri. Mwanafunzi wa redio hasomi kwa kichwa peke yake, anasoma kwa betri nne. Zikichoka tunazianika juani kwenye mkeka, pamoja na dagaa, kwa kuwa mkeka ni mmoja. Hozefa wa duka la barabarani, ambaye amezaliwa hapahapa kama mimi, alinitania, Mama Stanslaus, betri zako zitanuka dagaa. Nikamwambia Mwalimu Cornel hajalalamika. Waya wa redio nao tumeufunga kwenye bati la paa, na mbuzi akijikuna ukutani Mwalimu Cornel anaacha Kiswahili anaanza kusema Kirundi. Kirundi chake ni kizuri, simlaumu, ila mtihani hauko kwa lugha hiyo.

Kinachoniudhi ni kile kipindi kinachotangulia somo la Melania, cha watu wazima wasiojua kusoma. Robo saa nzima Mwalimu Cornel huyohuyo anasema a, e, i, o, u, kama mtu anayeita kuku. Anakula betri za mjukuu wangu bure. Kuzima siwezi, kwa sababu redio hii ikizimwa haiwaki tena mpaka ipigwe makofi, na Melania anafika saa kumi kamili kutoka shambani. Basi nakaa nakisikiliza kwa hasara. Tena mwezi wa pili mlitutumia kitabu cha kipindi hicho kwa makosa. Nimekihifadhi. Kinafunika chungu cha maziwa.

4. Duara. Hapa naomba ukae chini kwanza. Huko kwenu sijui duara ni nini. Hapa kwetu duara ni shimo la dhahabu. Mtu akisema fulani ana duara, maana yake ana shimo, na akisema duara limetema, maana yake jioni kuna pilau. Ninyi mkamruhusu Mwalimu Cornel atangaze kwenye redio, watu wote wakisikia, kwamba Alhamisi ijayo tutatafuta eneo la duara.

Ndugu Mkuu, Alhamisi hiyo wachimbaji kumi na mmoja waliketi sakafuni kwangu. Vinu vya kutwangia mawe, ambavyo havijanyamaza tangu viletwe hapa, vilinyamaza. Nikasikia kuku wangu wanavyotembea. Mwalimu akasema kila duara lina kitovu. Wakaitikia kwa pamoja, ndiyo. Akasema kuna namba inaitwa pai, ni ishirini na mbili kwa saba, bila hiyo eneo hulipati. Mabula akasimama. Akasema jamani, mmesikia wenyewe. Melania alijaribu kuwaeleza mpaka sauti ikakauka, wakamwambia, wewe soma mambo yako ya mtihani, haya ni ya watu wazima.

Wakatoka. Wakahesabu hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni kwangu kuelekea machweo, wakakata kushoto hatua saba. Hapo ndipo penye muhogo wangu. Mabula akachomeka kijiti, akafunga kamba, akazungusha kama alivyoelekezwa na redio, na nakiri sijawahi kuona shimo lililochorwa vizuri namna ile. Wakachimba siku tisa. Dhahabu hakuna. Siku ya kumi wakatoka wamelowa mpaka magotini.

Melania anataka niandike kwamba sasa tuna kisima hatua ishirini na tisa kutoka mlangoni, na kwamba zamani alikuwa anatembea saa moja na nusu kwenda na kurudi mtoni, na muda huo sasa anausomea. Nimemruhusu aandike. Lakini muhogo ulikuwa wangu, na aliyesababisha ung'olewe ni mwajiriwa wenu. Tena Mabula na wenzake hawajakata tamaa. Wanasema labda walikosea upande, na wananiuliza mwalimu ataurudia lini mchoro. Siku za kipindi hawatwangi mawe, wananyamaza wote wasikose neno. Nimewaweka mstari wa nyuma.

5. Kikohozi. Katika somo la sehemu Mwalimu Cornel alikohoa, mara mbili, akisha kusema neno theluthi. Nikasema pole. Somo hilo likarudiwa Jumamosi, akakohoa tena, mara mbili, palepale kwenye theluthi. Mwezi uliofuata likarudiwa, theluthi, kikohozi. Huu si ugonjwa mdogo. Mimi nimetibu vifua vya watu wengi, lakini kifua kinachoshikwa na neno moja sijakiona. Melania anasema ile ni kanda, walimrekodi siku moja tu. Kanda haikohoi, Ndugu Mkuu. Mwenye kukohoa ni mtu, na mtu huyo hakuna anayemchemshia tangawizi.

6. Chakula. Hili ndilo lililonifanya niache kazi zangu niite Melania na kalamu. Jumanne iliyopita ilikuwa somo la Uraia. Mwalimu Cornel alisema, nami nilikuwa na Blessing mgongoni nikisikia kwa masikio yangu mawili, kwamba mtu asiyetimiza miaka kumi na minane haruhusiwi kupiga kula. Blessing ana miezi kumi na minne. Nikamshika miguu. Mwalimu akaendelea, akasema aliyetimiza ana haki ya kula moja tu. Nikasema labda huko pwani njaa imezidi. Halafu akasema, polepole, ili tuandike: "Kula ni siri. Usimwonyeshe jirani yako."

Melania alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema ni ile r yake, anasema ni karatasi za kuwachagua wakubwa mwezi huu. Hata sasa ameniuliza aandike ipi, nimemwambia andika niliyosikia. Herufi moja haiwezi kumnyima mtoto uji. Tena mimi nimejumlisha. Sauti yake ni nyembamba. Anakohoa. Anaongea haraka kama mtu anayewahi kitu. Na sasa ametuambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anakula mara moja, kwa kujificha. Mwalimu wa mjukuu wangu ana njaa, na ninyi mmekaa naye jengo moja.

7. Kwa hiyo naomba mmlete. Nimefikiri sana mwanafunzi wa redio anahitaji nini ili ashinde. Anahitaji betri, tunazianika. Anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, nipo. Anahitaji ukimya, umekuja wenyewe kwa ajili ya duara. Anahitaji ugali kabla ya somo, maana mwenye njaa husikia nusu ya swali. Kilichobaki ni jicho. Mwalimu asiyekuona hajui kama umeelewa au umetikisa kichwa tu. Hajui kama umesinzia. Melania hutikisa kichwa wakati hajaelewa, mimi najua, huvuta na sikio la kushoto, lakini mimi najua sikio tu, sijui theluthi. Ingekuwa Mwalimu Cornel analiona sikio lile, angerudia. Hakuna mtu duniani anayeweza kufundishwa na mtu asiyemwona. Hilo nalisema bila kupepesa macho.

Basi aje akae kwangu kuanzia sasa mpaka tarehe 20 Novemba. Apande basi la Mwanza, kisha la Geita, kisha aulize kwa Hozefa. Kitanda cha kamba Mabula ameshakisuka, anasema akilala mtu aliyemsifu, yeye Mabula atalala chini. Atakula mara tatu kwa siku, mlango wazi, majirani wakimwona. Akitaka redio yake aje nayo, asikae mpweke. Na kama mnaogopa wanafunzi wengine nchini watakosa masomo, nao waje. Muhogo umebaki upande wa pili.

Nimeweka michembe mitatu ndani ya bahasha, ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Apewe leo, atafune mbele ya watu, nawe uwepo.

Namaliza kwa kukusalimu wewe na mkeo, na anayekupokelea barua, na anayegonga muhuri. Msalimie na yule dada anayesoma matangazo ya vifo, mwambie asome taratibu kidogo, kuna wenye kulia. Melania anakusalimu. Blessing naye anakusalimu, ameshajua kusema neno moja, na unalijua ni lipi. Mabula na wenzake kumi wanauliza upande. Wabeja, ndivyo tunavyoshukuru sisi.

Ni mimi ninayekudai mwalimu,

Mageni, mama yake Stanslaus
(Dole gumba, kwa wino wa Hozefa)

Nyongeza

Mwalimu Konel. Hapa naandika mimi Mageni. Mkono ni wangu. Melania hajui. Amekwenda kisimani. Kisima kiko kalibu kwa hiyo naandika upesi.

Usije.

Ukija utaniona. Teonesti aliniona na watu wakacheka. Wewe hunioni. Nikikosea hakuna anayecheka. Nasema a. Unanyamaza. Unasema vizuli sana. Nasema tena mpaka inakuwa kweli. Kile kitabu hakifuniki chungu. Chungu nafunika na sahani.

Jumamosi mtoto wa jilani alikuwa na homa. Wakaleta chupa. Sikunusa. Imeandikwa TIKISA. Nikatikisa.

Neno lako usilifungie kabatini. Toa hata kwa mbuzi. Kitanda atalala Blessing. Ila ule. Na tangawizi unywe.

Nasikia ndoo. Bahasha nafunga mwenyewe.

Hujawahi kuambiwa na mtu wewe. Ngoja ninyamaze kidogo kama unavyonyamaza.

Haya.

Vizuli sana.